Je, wajua kwa nini ua la boga ni mboga lakini ua la kiazi mviringo ni sumu?

Ukila pilau, umekula maua. Zile karafuu unazozitenga pembeni mwa sahani ni matumba ya mkarafuu, yaani maua yaliyochumwa kabla hayajachanua. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ukashamiri Unguja na Pemba katika karne ya 19, na mchumaji wa Pemba anajua kwamba tumba likishafunguka thamani yake imeshuka. Kwa hiyo huyawahi yakiwa bado yamefumba, yanaanza tu kupata wekundu, kisha huyaanika juani mpaka yawe ya kahawia iliyokolea. Zafarani ya biriani nayo ni nyuzi 3 tu zinazotolewa katikati ya ua moja la zambarau, ndiyo maana kilo moja humaliza maua zaidi ya laki moja. Na maji ya waridi yanayonukia kwenye halua ya Oman hutokana na mawaridi ya milima ya Jabal Akhdar, yanayochumwa majira ya kuchipua na kuchemshwa ili mvuke wake ukusanywe.

Basi kula maua ni jambo letu la siku nyingi. Linalostahili kuulizwa ni hili: katika shamba moja, maboga na viazi mviringo vikiwa vimepandwa jirani, kwa nini ua la kwanza huenda chunguni na la pili halifai kuguswa na ulimi?

Ua halikuumbwa kumpendeza mpishi. Rangi na harufu yake ni mwito kwa nyuki, vipepeo na ndege: njooni, kuna utamu hapa. Mwito huo hausemi lolote kuhusu usalama wa tumbo la binadamu. Wakati huohuo mmea hauwezi kumkimbia mbuzi wala kiwavi, kwa hiyo mimea mingi hujilinda kwa kemikali, na ua ni sehemu ya mmea huohuo. Kiazi mviringo hutengeneza sumu iitwayo solanini na nyingine za jamii yake, zikajaa kwenye majani, maua na vile vitunda vidogo vya kijani. Hata kiazi chenyewe kikiachwa kwenye mwanga kikageuka kijani, sumu hiyo huongezeka. Nyanya na biringanya ni ndugu zake, na maua yao pia hayaliwi. Kwa hiyo ile hoja ya kusema “zao lake tunalila, basi na ua lake ni salama” ni hoja ya hatari.

Ukoo wa maboga una kinga yake pia, kukubitasini, ambayo ni chungu kupindukia. Wakulima wa vizazi vingi walichagua mbegu za maboga yasiyo machungu, na ndiyo sababu tunaweza kula tunda, majani, mbegu na maua bila wasiwasi. Lakini ukikutana na boga au ua lake lenye uchungu usio wa kawaida, tema, na chungu kizima ukimwage.

Ua la boga linastahili heshima kubwa kuliko inayopewa mezani kwetu. Mmea mmoja wa boga huzaa maua ya kiume na ya kike. La kike utalijua kwa kiboga kidogo cha mviringo chini ya petali. La kiume linasimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, halina kitu chini yake. Chuma ya kiume, kwa sababu hayo hayawezi kuzaa boga, na huwa mengi kuliko ya kike. Bakiza machache tu ili nyuki wapate chavua ya kupeleka kwa majike. Nenda asubuhi na mapema, maana yanafunguka alfajiri na jua likipanda yanajifunga na kulegea.

Kabla ya kupika, lifungue ua na utazame ndani. Sisimizi na nyuki hupenda kujificha humo. Nyofoa ile nguzo ya njano ya katikati yenye chavua, kwani huweza kuwasumbua wenye mzio. Toa na vile vijani vyembamba vya kitakoni, menya nyuzi za kikonyo kama unavyomenya msusa, yaani majani ya maboga, kisha suuza kwa upole. Kaanga kitunguu na nyanya, tia msusa uliokatwakatwa, mimina tui la nazi au karanga za kusaga, acha uive. Maua yanaingia mwisho kabisa, dakika 2 au 3 tu. Yakizidi hapo hupotea yote. Roma huyajaza jibini na samaki wadogo wa chumvi, wakayachovya kwenye rojo la unga na kuyakaanga. Mexico huyala ndani ya chapati za mahindi. Mimi bado nayaona matamu zaidi kwenye karanga.

Choya, au rozela, ni kisa kingine. Petali zake hudondoka. Kinachochemshwa ni vikombe vyekundu vinavyobaki vikifumbata mbegu. Uchachu wake ni wa asidi za mmea wenyewe. Sudan na Misri huita kinywaji chake karkade, Senegal huita bissap. Kwa kuwa huweza kushusha shinikizo la damu kidogo, anayemeza dawa za presha amuulize daktari kabla ya kukifanya cha kila siku.

Sasa yale ya kuogopwa. Olianda, ya waridi au nyeupe, na ile ya njano yenye majani membamba na utomvu mweupe, hupandwa kwenye nyua na kando ya barabara. Sumu yake huvuruga mapigo ya moyo. Mnanaha, wenye maua ya tarumbeta, huleta kinywa kikavu, mboni zilizopanuka na kuweweseka. Gloriosa, yenye petali nyekundu na njano zilizopinda kuelekea juu, ina sumu iitwayo kolchisini. Usitegemee moto kuziondoa sumu hizi, na kumwona mbuzi au ndege akila si ushahidi wowote.

Hata waridi, ambalo kwa asili linalika, huwa na shida likitoka kwa muuza maua. Mashamba kama ya Naivasha hulima maua ya kupamba meza, na dawa za wadudu zinazopuliziwa humo hazikupimwa kwa mlaji. Kula lile ulilolipanda mwenyewe bila dawa, na ukate kile kipande cheupe kichungu cha chini ya petali. Ua geni kwako, hata kama ni salama, anza na kidogo.

Mtu akila ua usilolijua, usipoteze muda kumnywesha maziwa wala kumlazimisha atapike. Chuma tawi lenye ua na majani yake, mwende nalo hospitali, kwa sababu sumu ya olianda na sumu ya mnanaha hazina tiba moja.