Mödlareuth: kijiji cha Ujerumani kilichopigwa ukuta katikati

Ukitaja ukuta wa Ujerumani, wengi wanawaza Berlin. Lakini anayetaka kujua mpaka ule ulimfanya nini mkulima wa kawaida aanzie Mödlareuth, kijiji cha watu wapatao 50 tu kati ya majimbo ya Bavaria na Thuringia. Katikati yake unapita Tannbach, kijito chembamba ambacho mtoto anakiruka bila kulowa.

Mpaka wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1810 yaliwekwa mawe kufuata kijito: upande mmoja Ufalme wa Bavaria, upande wa pili dola ndogo ya Reuss, iliyotawaliwa na wana wafalme. Baadhi ya mawe hayo bado yapo, yamechongwa herufi KB (Königreich Bayern, yaani Ufalme wa Bavaria) na FR (Fürstentum Reuss, yaani dola ya Reuss). Kwa zaidi ya karne moja hayakumnyima mtu usingizi. Shule na kilabu cha pombe vilikuwa upande wa Thuringia, kanisa liko kijiji jirani cha Töpen, upande wa Bavaria, na watu walivuka kwenda na kurudi. Kodi ulilipa kwako, bia ulikunywa kwa jirani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Thuringia iliangukia mikononi mwa Wasovieti na Bavaria ikawa chini ya Wamarekani. Zilipoundwa dola mbili za Ujerumani mwaka 1949, Mashariki (iliyokuwamo Thuringia) na Magharibi (iliyokuwamo Bavaria), kijito kikawa mpaka wa mifumo miwili iliyohasimiana. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1952. Serikali ya Mashariki ilitenga ukanda wa kilomita 5 kandokando ya mpaka wote, na ndani yake ukanda mwingine wa mita 500 wenye masharti makali zaidi. Familia zilizohesabiwa kuwa si za kuaminika zilihamishwa kwa nguvu. Hapo Mödlareuth ukasimamishwa uzio wa mbao uliompita mtu kimo, kisha ikaja seng'enge, na mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wa urefu wa mita 700 hivi na kimo cha mita 3.3.

Katika haya yote, linalonigusa zaidi ni dogo kuliko zege: waliokaa Mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono watu wa ng'ambo. Unamwona binamu yako analisha ng'ombe, unajifanya hukumwona. Upande wa Magharibi, kinyume chake, watalii walikuja kwa mabasi kuchungulia. Na mwaka 1983 George H. W. Bush, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, alifika kujionea. Wamarekani walikipa kijiji jina la "Berlin Ndogo". Kutoroka hapo kulikuwa karibu na muhali, ingawa Mei 1973 dereva mmoja aliyekuwa na kibali cha kuingia ukandani alifanikiwa kuuvuka ukuta kwa ngazi.

Desemba 1989, mwezi mmoja baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, wanakijiji walifunguliwa njia ya miguu. Juni 1990 tingatinga likaanza kuubomoa ukuta, na hapo likazuka swali ambalo sisi wa malikale tunalijua vizuri: je, kitu kilichowatesa watu kihifadhiwe? Hasira ilisema kivunjwe chote. Hata hivyo kipande cha mita 100 hivi kiliachwa, pamoja na mnara wa ulinzi, na makumbusho yakaanzishwa papo hapo. Naona waliamua vema. Picha haiwezi kukuonyesha jinsi ukuta ule ulivyokuwa karibu na madirisha ya watu.

Kiutawala kijiji bado ni viwili. Upande mmoja uko chini ya Töpen, mwingine chini ya mji wa Gefell; postikodi ni mbili, namba za mwanzo za simu ni mbili, na hata salamu za asili zinatofautiana. Wenyeji hawalalamiki sana. Mpaka wa namna hiyo waliuzoea tangu 1810.