Je, wajua Dr. Alban ni daktari wa meno kweli? Na ilikuwaje wimbo wake wa kwanza ukatamba?

Kama ulicheza disko miaka ya 1990, iwe Dar, Mombasa au Bujumbura, Dr. Alban, yule mwanamuziki wa "It's My Life", hahitaji kutambulishwa. Wengi tulichukulia lile "Dr." kuwa mbwembwe za usanii tu, kama mtu anayejiita jenerali na kambi ya jeshi anaiona akiwa ndani ya daladala. Wengine waliapa kwamba ni Mjamaika, kwa ile sauti ya mikwaruzo na Kiingereza chake cha vichochoro vya Kingston.

Si Mjamaika. Ni Mnigeria aliyekwenda Sweden kusomea meno, akahitimu, akafungua kliniki yake. Udaktari wake ni wa darasani. Swali ni hili: mtu wa aina hiyo, mgeni nchini, ameshavuka miaka 30, hana bendi wala kampuni inayomsukuma, aliwezaje kutoa singo yake ya kwanza mwaka 1990, "Hello Afrika", ikafika namba moja Austria na kuingia kumi bora za Ujerumani?

Jibu limo kwenye kazi yake ya usiku.

Jina lake kamili ni Alban Uzoma Nwapa, mzaliwa wa 26 Agosti 1957 huko Oguta, mji wa Waigbo ulio kando ya ziwa, sasa katika Jimbo la Imo. (Uzoma kwa Kiigbo ni "njia njema". Wazazi wengine hubahatisha jina likampata mwenyewe.) Alipofika miaka 23 akaenda Sweden kuanza udaktari wa meno. Masomo yanataka hela, na mwanafunzi wa ugenini anajua mwenyewe anavyozipata. Alban akazipata kwa kupiga muziki katika klabu moja ya Stockholm iitwayo Alphabet Street. Mchana anajifunza kuchimba meno, usiku anabadilisha santuri.

Lakini hakuishia kubadilisha santuri. Alishika maiki. Wimbo wa mtu mwingine ukiendelea, yeye anaingia juu yake na maneno yake, anasalimia watu, anawapandisha mori, anaacha kidogo mdundo upumue, anaingia tena. Watu wakaanza kuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kusikiliza nyimbo.

Mtindo huo una wenyewe, na wenyewe ni Wajamaika. Huko Jamaika, tangu zama za spika kubwa za mitaani, anayechagua na kuweka santuri anaitwa "selekta", na "dijei" ni yule anayeongea kwenye maiki. Santuri nyingi za kule zilikuwa na wimbo upande mmoja, na upande wa pili muziki mtupu ulioondolewa sauti ya mwimbaji. Upande huo mtupu ndio uliokuwa uwanja wa dijei. U-Roy na wenzake wakaufanya usanii kamili kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana mmoja mzaliwa wa Kingston, Clive Campbell, maarufu kama Kool Herc, akahamia New York, na kwenye sherehe zake mtaa wa Bronx mwaka 1973 mbegu ya hip-hop ikachipua. Kwa hiyo michano ya Marekani na mbwembwe za dijei wa Jamaika ni ndugu wa nyumba moja.

Msikilizaji wa dansi hahitaji maelezo marefu hapa. Yule rapa anayeingia sebene likikolea, ambaye Wakongo humwita atalaku, ndiye huyo huyo. Haimbi, hahutubii, ila akinyamaza sebene linapoa. Alban alikuwa atalaku wa Stockholm, tofauti ni kwamba nyuma yake palikuwa na mashine mbili za santuri badala ya magitaa matatu.

Sasa aingie mtu wa pili, kwa sababu peke yake Alban pengine angebaki kuwa daktari wa meno mchangamfu.

Dag Volle alizaliwa mwaka 1963, na Wasweden walimjua kwa jina la Denniz Pop. Naye alikuwa DJ, kwa maana yetu ya kawaida: mpiga santuri. Alikuwa mmoja wa kundi la SweMix, ma-DJ wa Stockholm waliokuwa wakitengeneza remiksi. Kazi ya remiksi ni hii: unachukua wimbo wa redio wa dakika tatu, unaurefusha, unaupa ngoma nzito zaidi, unauachia mwanzo wenye mdundo mtupu ili DJ apate nafasi ya kuuunganisha na wimbo unaoisha. Ni kama fundi nguo anayepokea suti ya dukani na kuishona upya imkae mcheza dansi. Na cha ajabu kwa mtu aliyekuja kubadilisha muziki wa pop duniani, Denniz Pop hakujua kupiga ala yoyote kwa maana ya ufundi, na kuimba hakujua pia. Alichokuwa nacho ni sikio, na usiku mwingi wa kuangalia sakafu ya klabu. DJ hahitaji mwalimu amwambie wimbo ni mbaya. Anaona watu wanarudi mezani.

Wawili hawa wakakutana mwaka 1990. Tazama walivyofanana: mmoja anaongea juu ya muziki wa watu, mwingine anaushona upya muziki wa watu. Hakuna aliyefundishwa muziki, wote wamefundishwa na wachezaji. "Hello Afrika" ikatoka humo. Chini kuna mdundo wa mashine na besi nene, katikati Alban na michano yake ya Kijamaika, na kando yake sauti ya binti wa Gothenburg, Leila K, mtoto wa wazazi Wamoroko. Leila K hakuwa mgeni. Mwaka 1989 alishatoa "Got to Get" pamoja na Rob'n'Raz, wimbo uliofika kumi bora za Uingereza. Kwa hiyo singo ya kwanza ya Mnigeria ilisindikizwa na binti wa Kimoroko, na fundi wake akawa Msweden. Hata jina la wimbo limeandikwa kwa "k", kama Wasweden wanavyoandika Afrika, na kama sisi tunavyoandika.

Kiitikio chake ni salamu. Anaita Afrika, anaiuliza hali. Basi. Ukikiandika kwenye karatasi utasema hakina kitu, na kwa ushairi kweli hakina. Ila mtu aliyekulia enzi za kadi za salamu redioni anaelewa haraka kwa nini kinashika. Unamsalimia shangazi aliye Tabora, unamuuliza hali, na ujumbe umekwisha. Alban alituma kadi moja kwa bara zima baada ya karibu miaka kumi ya ugeni. Na kwa mwenzetu wa Vienna au Hamburg ambaye Kiingereza chake ni cha shule, kiitikio cha salamu ndicho anachoweza kukiimba mara ya pili tu akikisikia.

Wakati nao ulimbeba, kwa maoni yangu. Tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani. Mwezi uliofuata akatua Stockholm kumwona Oliver Tambo, kiongozi wa chama chao cha ANC, aliyekuwa akitibiwa huko baada ya kupata kiharusi. Sweden ilikuwa imesaidia harakati dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini kwa miaka mingi, na mwaka ule Afrika ilikuwa kwenye magazeti yao kwa habari njema, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Wimbo wa kuisalimia Afrika ukatoka mwaka huohuo, ukiwa umeimbwa na Mwafrika, na ukiwa wa kuchezwa. Sisemi Mandela ndiye aliyeuza santuri za Alban. Nasema masikio yalikuwa yameshafunguliwa.

Halafu kuna hesabu kavu ya soko. Sweden ya wakati ule ilikuwa na watu takriban milioni 8.5 tu. Msanii anayetaka kuishi kwa muziki hawezi kuwategemea hao peke yao, hivyo maprodusa wa Stockholm walizoea kutengeneza nyimbo za Kiingereza zikiwa tayari kuvuka bahari ya Baltiki. Ujerumani na Austria ndizo zilizokuwa jirani zenye klabu nyingi na wanunuzi wengi, na huko ndiko "Hello Afrika" ilikofanya vurugu kuliko kwingineko. Singo iliyofuata, "No Coke", ya kukemea dawa za kulevya, nayo ikapita njia ileile.

Denniz Pop hakurudi tena kuwa DJ wa kawaida. Kundi la vijana wa Gothenburg, Ace of Base, likamtumia kaseti ya majaribio. Hakuipenda. Ila aliiweka kwenye redio ya gari lake, ikakwama, ikagoma kutoka. Kila akiendesha, wimbo ni uleule, asubuhi na jioni, mpaka siku moja akagundua kwamba sasa anajua la kuufanya. Ndio ukawa "All That She Wants", namba moja Uingereza mwaka 1993. Baadaye katika studio yake ya Cheiron akamchukua kijana aitwaye Martin Sandberg, akambatiza Max Martin, na humo zikatoka kazi za Backstreet Boys na Britney Spears. Denniz Pop alifariki mwaka 1998 kwa saratani, akiwa na miaka 35.

Alban naye kliniki akaiacha. Akafungua kampuni yake ya rekodi na kuiita Dr. Records (udaktari ulikuwa bado na kazi), na mwaka 2014 alikuwa bado anapanda jukwaani kwenye Melodifestivalen, shindano kubwa la nyimbo la televisheni ya Sweden.

Ile iliyotuingia sisi zaidi, "It's My Life", ilitoka mwaka 1992, tena kwa mkono wa Denniz Pop. Uingereza, ambako "Hello Afrika" haikuwa imesumbua mtu, wimbo huu ulipanda hadi namba mbili, na kilichoupandisha ni tangazo la biashara la televisheni lililoutumia. Bidhaa yenyewe ilikuwa Tampax, zile tamponi za hedhi. Vidume wa miaka ile tuliokuwa tukiutumia wimbo huo kutangazia uanaume wetu katikati ya disko, mikono juu, vifungo vitatu vya shati vimefunguliwa, hakuna aliyetuambia.