Kampuni za nje kule China: maneno ya kijiweni na mambo yalivyo

Kila kampuni kubwa ya nje ikifunga virago China, kijiweni hukumu ishatoka: serikali imewafukuza, Wachina wanataka wauze wenyewe tu. Sio uongo mtupu, Facebook ilifungiwa 2009 na Google ikahamishia huduma yake ya kutafuta Hong Kong 2010 baada ya kugoma kuendelea kuchuja majibu. Ila hizo ni za habari na mawasiliano, huko serikali haina mchezo. Biashara nyingine nyingi zimekufa kwa kupigwa bao tu.

Mfano eBay, soko la mtandaoni la Wamarekani. Mpaka 2003 walikuwa wameshainunua EachNet yote, saiti ya mnada ya Wachina, jumla dola milioni 180, soko la mnada mtandaoni lilikuwa lao na hakuna aliyewagusa. Mwaka huohuo Jack Ma, mwenye Alibaba, na wenzake wakaanzisha soko lao la mtandaoni, Taobao. eBay anakata ada, Taobao bure. eBay hataki muuzaji na mteja waongee sana maana watamalizana pembeni, Taobao wakaweka chati palepale, mteja anauliza rangi, anaomba apunguziwe, anabembeleza, yaani Kariakoo ndani ya kompyuta. Halafu ile hofu ya kutuma hela kwa mtu usiyemjua wakaitatua na Alipay, huduma yao ya malipo, hela inashikiliwa katikati mpaka mteja aseme mzigo nimepokea. eBay wao 2004 wakahamishia mitambo Marekani, saiti ikawa nzito, na kila badiliko lisubiri wakubwa wa huko. Desemba 2006 wakasalimu amri. Sasa hapo nani kafukuzwa?

Uber naye ni yaleyale, alikuwa anachoma zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kugombania abiria na Didi, kampuni ya Kichina ya kuita teksi kwa simu, 2016 akawauzia biashara akachukua hisa. Kibiashara wala sio aibu.

Kingine utasikia "lazima umpe Mchina nusu ya kampuni". Ilikuwa hivyo kwa magari, Volkswagen aliingia Shanghai 1984 kwa ubia. Ila masharti hayo yaliondolewa kwa magari ya umeme 2018, Tesla akajenga kiwanda Shanghai chake asilimia 100, na 2022 yakaondolewa kwa magari yote ya abiria. Sekta zilizofungwa bado zipo, vyombo vya habari kwa mfano, kwa hiyo unaangalia orodha ya sekta yako, husikilizi stori.

Na hii ya kwamba Wachina wanapenda vya nje, ukiwa na jina kubwa umemaliza? Home Depot, duka la Kimarekani la vifaa vya ujenzi, alikuwa na jina, akaenda kuuzia watu vifaa vya kujikarabatia nyumba wenyewe wakati fundi yupo na bei yake nafuu (hata huku kwetu nani anajipakia rangi mwenyewe?), 2012 akafunga maduka yake makubwa yote. KFC aliyeingia Beijing 1987 asubuhi anauza uji wa mchele na maandazi marefu ya kienyeji, na 2023 kavuka maduka 10,000.

Ila dhana inayotuumiza sisi ni ya hesabu ya kitandani: watu bilioni 1.4, kila mtu akila parachichi moja tu tumetoka. Wakenya waliruhusiwa kupeleka parachichi China 2019 lakini liwe limemenywa na kugandishwa kwa baridi la nyuzi 30 chini ya sifuri, mashine hizo mkulima gani anazo, parachichi bichi la kwanza likaondoka 2022. Shamba liwe limesajiliwa na forodha ya China, pakihausi (kule matunda yanakofungashwa) nayo hivyohivyo, na nzi wa matunda akionekana kwenye mzigo umeumia. Na kama una jina la biashara kalisajili kulekule mapema, kwa kanuni yao anayewahi kuandikisha ndo mwenyewe, Michael Jordan mwenyewe, yule nyota wa mpira wa kikapu, alifungua kesi 2012 kudai jina lake la Kichina na alipata ushindi nusunusu Mahakama ya Juu 2016. Sasa wewe na parachichi zako.