Kabla ya kusoma asilimia ya shule ndogo, hesabu vichwa

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, swali linaloulizwa juu ya shule za kata ni moja: imepanda au imeshuka? Kazi yangu ni takwimu za elimu, na shule ninazozishughulikia zaidi ni hizi ndogo zenye mkondo mmoja, yaani darasa moja tu kwa kila kidato. Kwa shule ya namna hiyo, swali hilo halijibiki mpaka ujue kwanza ni watoto gani waliokaa kwenye yale madawati.

Tuanze na udogo wenyewe. Chukua mfano wa shule yenye watahiniwa 24. Mwaka huu wamefaulu 18, sawa na asilimia 75. Mwakani wakifaulu 20, inakuwa asilimia 83. Kwenye kikao cha tathmini mkuu wa shule atapongezwa kwa kupandisha ufaulu, na pengine anastahili kabisa, lakini tofauti hiyo ni watoto wawili. Mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani na mwingine akifiwa, sifa yote imeyeyuka. Ukigawa kwa jinsia, hali ni tete zaidi. Karatasi ya matokeo huonyesha madaraja ya wasichana na wavulana kila kundi peke yake, na wasichana wakiwa tisa, kila mmoja wao amebeba asilimia 11. Baraza lenyewe, enzi lilipokuwa likitangaza shule kumi bora, liliziweka shule zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lao. Utangazaji huo ulikoma Januari 2023. Huku wilayani tunaendelea kuzipanga shule kwa foleni kana kwamba zote zinalingana.

Halafu kuna neno ufaulu. Daraja la kwanza hadi la nne yote huhesabiwa kuwa kufaulu. Pointi zikiwa chache ndiyo bora: A ni pointi 1, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la nne linaishia pointi 33, na pointi 33 katika masomo saba ni D mbili na F tano, au C moja na F sita. Mtoto huyo yumo kwenye asilimia ya waliofaulu sawasawa na mwenzake wa pointi 7, lakini kidato cha tano hatakwenda, maana huko anatakiwa awe na C tatu. Ninapopewa asilimia 90 ya shule yoyote, huuliza daraja la nne wangapi. Mara nyingi ndiyo wengi.

Sehemu inayonigusa zaidi ni wale ambao hawamo kwenye karatasi kabisa. Tuseme waliandikishwa kidato cha kwanza 61, wakafanya mtihani 38, wakafaulu 30. Ukigawa kwa 38 unapata asilimia 79, shule nzuri. Ukigawa kwa 61 unapata 49. Wale 23 wako wapi? Wengine wamehama, wengine wamekariri kidato cha pili baada ya kushindwa upimaji na watafanya mtihani na darasa linalofuata. Waliobaki ni utoro, mimba, uvuvi, mashamba, machungani, kazi za ndani mjini. Shule ikiachia wanafunzi dhaifu wapotee, asilimia yake hupanda. Mwalimu anayezunguka vijijini kuwarudisha anaishusha asilimia yake kwa mikono yake mwenyewe, na mfumo wetu hauna mahali pa kumshukuru.

Hilo lilionekana wazi baada ya ada kufutwa. Mpaka mwisho wa 2015 shule ya kutwa ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiacha michango. Kuanzia Januari 2016 wakaingia watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa, na hao ndio waliofika kidato cha nne 2019. Fikiria shule iliyokuwa ikifaulisha 20 kati ya 26, sasa inafaulisha 33 kati ya 48. Asilimia imeshuka kutoka 77 hadi 69. Vijana 13 zaidi wameondoka na cheti. Mimi siwezi kuiita hiyo shule iliyoshuka.

Ndiyo maana nikifika shuleni naomba rejesta kabla ya matokeo. Nataka kujua nani anatembea kilomita nane asubuhi, nani amepanga geto karibu na shule na anajipikia mwenyewe bila mtu mzima wa kumwangalia, nani anakula mchana na nani hali. Nataka kujua kama mwalimu wa fizikia yupo, na mahudhurio ya msimu wa kupanda. Karibu wote wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na ghafla masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini ana pa kukisikia. Huyu anakisikia darasani tu.

Maafisa elimu kata wanaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja. Mnapoandaa taarifa ya tathmini, wekeni safu ya walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne nyuma, na pembeni yake waliorejea baada ya kujifungua. Tangu waraka wa Novemba 2021 wasichana hao wana haki ya kurudi. Namba ya PREM, ile ya utambulisho wa kila mwanafunzi, inatosha kumfuata kila mmoja hata akihama shule, na rejesta za kidato cha kwanza mnazo tayari makabatini.