Msipige praima juani, na alfajiri pia msipige

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea sanamu ya plastiki ya joka la vichwa saba, refu kama kiganja changu, lililotoka katika mchezo wa ubao. Alikuwa amelipiga praima, ile rangi ya kwanza ya kopo la kupuliza inayozishika rangi nyingine, saa saba mchana juu ya paa la nyumba yao hapa Makadara, na magamba yote yalikuwa yakikwaruza kama msasa. Akaniambia, "Ami, hili kopo lilikuwa bovu." Kopo halikuwa bovu. Neno hili nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linatokana na imani ile ile, kwamba rangi inahitaji kukauka na jua hukausha, basi jua likizidi ukali kazi nayo itazidi uzuri.

Praima hutoka kwenye kopo kama ukungu wa matone madogo sana, na kila tone linatakiwa lifike kwenye sanamu likiwa bado bichi, litandae, liungane na matone ya jirani, ndipo likauke pamoja nayo na kuwa ngozi moja laini. Katika joto la paa la saa saba, thina, yaani kimiminika kinachoifanya rangi iwe nyepesi, huruka njiani kutoka ndani ya tone, na kinachotua ni vumbi kavu linalorundikana. Anayesogea nyuma kupita sentimita 30, akiogopa kuziba magamba, huongeza ubaya huo, kwa sababu amelirefushia tone safari. Mimi hushika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25 na kupuliza kwa mipigo mifupi, kila mpigo ukianzia nje ya sanamu na kuishia nje yake. Kuhusu kuiosha sanamu kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, nadhani hilo halihitaji maelezo.

Linaloniudhi zaidi ni kosa la pili, kwa kuwa hufanywa na watu ambao wamekwisha kuelewa habari ya joto. Hao hukimbilia alfajiri, wakisema kuna ubaridi. Lakini alfajiri ndiyo saa ambayo hewa ya mji wetu wa pwani imeshiba unyevu kuliko saa nyingine, na atakayegusa nondo za dirisha lake saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi atazikuta zimelowa. Thina inaporuka huchukua joto la kile ilichokigusa, kama vile manukato yanavyopoza ngozi na kama maji yanavyopoa ndani ya mtungi wa udongo. Uso wa sanamu hupoa ghafla kwa muda mfupi, na umande mwembamba ambao jicho halitauona hutua juu ya praima mbichi, au juu ya vanishi, ule mpako wa mwisho wa kopo unaoilinda rangi. Vanishi isiyong'aa ndiyo huumia zaidi. Mtu amehangaika siku 10 na zimwi jekundu, amelipaka kucha na meno moja moja, kisha kwa dakika moja ya mwisho linakuwa kama limemwagiwa jivu.

Saa yangu ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, kivulini, mahali pasipopigwa na upepo wa bahari, na kipimo changu ni kamba ya nguo: ikiwa shuka zilizoanikwa asubuhi bado zina ubichi, sigusi kopo siku hiyo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, napata siku nyingi za kufaa. Masika ikiingia mwezi wa Aprili naweka makopo kabatini na kutumia praima ya maji kwa brashi, tabaka mbili nyembamba, kazi ambayo ni ndefu lakini haijawahi kuniangusha.

Ni lazima niseme pia kwamba nimewahi kufuata masharti haya yote na bado vanishi ikafifia kwa weupe ule wa jivu. Hapo hupaka vanishi ya kung'aa kwa brashi juu yake, na mara nyingi, si mara zote, weupe huo hutoweka na rangi zikarudi. Vilevile, ile plastiki laini ya sanamu nyingi za michezo ya ubao, ambayo upanga wake hupinda ukiuminya, haipatani na kila kopo. Praima nyingine hubaki ikinata juu yake kwa siku kadhaa, kwa hiyo hujaribu kwanza chini ya kitako.

Joka la kijana tumeliloweka katika spiriti na kulisugua kwa mswaki mkuukuu. Vichwa vitano vimeshatoka safi, na katikati ya magamba sasa unaweza kuona mishipa midogo ya shingo iliyokuwa imefukiwa. Shingo mbili zililegea kwa joto la paa. Hizo tutazitumbukiza katika maji ya moto, tuzinyooshe kwa vidole, kisha tuzitie mara moja katika maji ya barafu zishike umbo. Kijana atarudi Jumamosi, saa tisa alasiri, shuka zikiwa zimekauka.