Transfomu ya Fourier haipotezi muda, na lenzi haiigizi hesabu

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni hii, eti ukishapiga transfomu ya Fourier kwenye signali, yaani ukiivunja signali kama sauti iliyorekodiwa kuwa mawimbi ya frikwensi mbalimbali yanayoiunda, basi muda umeupoteza, unabaki na frikwensi tu na hujui tena nini kilitokea lini. Unaikuta mpaka kwenye notsi za chuo na sio kweli kabisa. Kama muda ungepotea, transfomu ya kurudi isingefanya kazi, na inafanya kazi vizuri tu, unarudishiwa signali yako ileile nukta kwa nukta. Muda haujaenda popote, uko kwenye fazi, yaani mahali kila wimbi lilipo kwenye mzunguko wake.

Chukua mfano mdogo. Una rekodi ya sekunde 5, kimya tupu, halafu kwenye sekunde ya 1 kuna mshtuko mmoja mfupi sana, tik, basi. Rekodi ya pili ni hivyohivyo ila ule mshtuko umetokea sekunde ya 4. Ukichora ukubwa wa kila frikwensi, grafu mbili zinalingana kabisa, huwezi kuzitofautisha hata ukikodoa macho. Sasa chora fazi. Kwenye rekodi ya kwanza inateremka kwa mstari ulionyooka kadri frikwensi inavyopanda, na kwenye ya pili inateremka vilevile ila mteremko ni mkali mara 4, kwa sababu mshtuko umechelewa mara 4. Muda wote umekaa kwenye mteremko huo. Shida ni kwamba programu nyingi ukiziambia zichore spektra, yaani grafu ya frikwensi, zinakuletea ukubwa tu na fazi hazikuonyeshi, halafu lawama anabebeshwa Fourier wa watu.

Na wala usidhani fazi ni kitu cha pembeni, maana hiyo nayo ni dhana, watu wanaona ukubwa ndo habari yenyewe na fazi ni takataka. Mwaka 1981 watafiti wa signali Oppenheim na Lim walichapisha makala kuhusu umuhimu wa fazi kwenye signali, na jaribio la aina hiyo unaweza kulirudia kwenye kompyuta yoyote: chukua picha mbili, moja ya uso wa mtu na moja ya jengo, zipige transfomu zote, kisha chukua fazi ya uso uiunganishe na ukubwa wa jengo, rudisha. Unaona uso. Una mikwaruzo na rangi zimepauka, ila ni uso, jengo halipo. Kingo za vitu, mahali pua ilipo na jicho lilipo, vyote hivyo vinashikiliwa na fazi, ukubwa unasema tu kuna kiasi gani cha kila frikwensi kwenye picha nzima.

Kuna ukweli mmoja lakini uliojificha nyuma ya ile dhana ya kwanza, tusiuruke. Transfomu ya rekodi nzima haikuonyeshi muda kwa namna ya kusomeka kirahisi, ndo maana watu wanakata signali vipande vifupi wanapiga transfomu kila kipande. Hapo unagongana na mpaka ambao hakuna ujanja wa kuuvuka: kipande kikiwa kifupi unajua vizuri lini ila frikwensi inakuwa butu, kikiwa kirefu ni kinyume chake.

Mpaka huohuo ndo unaoua dhana ya kuongeza sifuri. Wengi wanaamini ukiongeza sifuri nyingi mwishoni mwa rekodi kabla ya kupiga FFT (njia ya haraka ya kompyuta ya kukokotoa transfomu ya Fourier) unapata uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha frikwensi. Tuseme una sauti mbili zinazopigwa pamoja, moja hertz 100 na nyingine hertz 102, na umerekodi sekunde 0.1 tu kwa sampuli 8,000, yaani vipimo 8,000, kwa sekunde. Una sampuli 800, na uwezo wako wa kutenganisha ni kama hertz 10. Ongeza sifuri 7,200, sasa nukta za grafu zimepangana kila hertz 1, inapendeza kweli, mstari ni laini, ila pale karibu na 100 utaona kilima kimoja tu, sauti mbili zimeshikana vilevile. Umechora kilima kilekile kwa nukta nyingi zaidi. Dawa ni kurekodi muda mrefu, hapo nusu sekunde ndo mwanzo wa kuziona mbili, sekunde nzima ni salama zaidi.

Tuje kwenye mwanga, na hapa ndo mimi napapenda zaidi. Watu wakisikia kwamba lenzi inafanya transfomu ya Fourier wanadhani ni lugha ya picha. Hapana, ni kwa maana yenyewe kabisa. Weka kitu chenye mistari mbele ya lenzi, kwenye umbali sawa na urefu wake wa fokasi (umbali toka lenzi hadi pale inapokusanya miale sambamba), kimulike kwa leza iliyonyooshwa ili miale yake iende sambamba, halafu kaangalie upande wa pili kwenye fokasi: unachokikuta pale, kwa sura ya madoa ya mwanga, ni transfomu ya kitu hicho, ukubwa na fazi. Na inapimika kwa rula. Lenzi ya fokasi milimita 200, leza nyekundu ya nanomita 633, wavu wa mistari 10 kwa milimita: zidisha vyote vitatu unapata doa la kwanza liko milimita 1.27 pembeni mwa doa la katikati. Mistari ikibanana mara mbili, doa linasogea mara mbili.

Mwanafizikia Ernst Abbe alieleza hadubini kwa njia hii mwaka 1873, kwamba picha inajengwa kwanza na madoa haya na hadubini ikikosa kuyakusanya ya pembeni basi maelezo madogo yamekwenda, hata ukikuza vipi. Ukitaka kuamini kwa macho yako weka wavu wa nyaya zilizokatizana, mlalo na wima, kisha kwenye fokasi weka mwanya mwembamba unaopitisha ule mstari wa madoa ya mlalo peke yake. Kwenye picha nyaya za mlalo zinatoweka! Zimebaki za wima tu, na hakuna aliyeugusa wavu.

Mwanafizikia Frits Zernike akaenda mbali zaidi. Seli hai nyingi zinapitisha mwanga karibu wote, haziufifishi, zinauchelewesha kidogo tu, yaani zinabadili fazi, na jicho halioni fazi. Yeye pale kwenye fokasi akauchukua ule mwanga uliopita bila kupindishwa akausogeza robo ya wimbi, na seli zikaonekana bila kupakwa rangi wala kuuawa. Alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1953.

Kutokana na haya wengine wanaruka upande wa pili, wanasema basi lenzi inatupa transfomu bure kwa spidi ya mwanga, kompyuta ya nini? Ngoja kwanza. Transfomu ipo pale, ila sensa ya kamera inapima nguvu ya mwanga tu, fazi inapotea palepale inapogusa sensa, na tumeshaona fazi imebeba nini. Mwanafizikia Dennis Gabor aliliona hilo na mwaka 1948 akaleta wazo la hologramu, unachanganya mwanga wa kitu na mwanga mwingine wa kulinganishia ili fazi iandikwe kama michirizi ya giza na mwanga.

Ile miale inayotoka kwenye nyota kwenye picha za darubini ya James Webb nayo wengi wanaidhani ni ya nyota. Ni ya darubini. Kioo chake kina vipande 18 vya pembe sita, na doa la nyota ni transfomu ya umbo la kioo pamoja na nguzo zake, ikapimwa nguvu yake. Ndo maana nyota zote za picha moja miale yao inaelekea upande uleule.

Mbili za haraka. FFT sio transfomu nyingine tofauti, ni njia ya mkato ya kukokotoa ileile, jibu ni lilelile. Cooley na Tukey waliichapisha 1965, ingawa mwanahisabati Gauss alishaandika njia kama hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa sampuli 1,048,576 njia ya moja kwa moja inataka hatua kama trilioni 1, FFT inataka kama milioni 21.

Na JPEG, ule muundo wa kuhifadhi picha: transfomu ya kosini inayotumia, ndugu wa ile ya Fourier, sio inayoharibu picha. Inachukua kipande cha pikseli 8 kwa 8 inatoa namba 64, na namba hizo ukizigeuza unarudi kwenye pikseli zako. Uharibifu unakuja hatua inayofuata, namba zinapogawanywa kwa jedwali na kukadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu, na za frikwensi za juu nyingi zinageuka sifuri.