Idadi ya kura ionekane lini?

Nabuni mifumo ya majadiliano mtandaoni, na wateja hupenda kuniuliza kama idadi ya kura ambazo wasomaji huyapigia maoni, za kuunga mkono au kupinga, ionyeshwe au ifichwe. Mimi huwauliza: ionyeshwe lini?

Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti moja ya habari. Baadhi ya maoni, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalipewa kura moja ya kuunga mkono mara tu yalipoandikwa. Mengine yakapewa moja ya kupinga. Kura moja tu! Yaliyoanza na ile ya kuunga mkono yaliishia na alama (kura za kuunga mkono ukitoa za kupinga) za juu zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Ile ya kupinga haikufua dafu, maana wasomaji waliifidia. Kumbe kwenye kusifu ndiko tunakofuata mkumbo. Na tovuti ile haikupanga maoni kwa kura, kwa hiyo namba yenyewe ndiyo iliyowavuta watu.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa Reddit, tovuti ya majadiliano, ambako msimamizi anaweza kuficha alama za maoni hadi saa 24. Kura zinahesabiwa kama kawaida, ila anayewahi kufika anaipima hoja kwa akili yake. Lakini mpangilio nao usisahaulike. Hacker News, jukwaa la majadiliano ya teknolojia, iliacha kuonyesha hadharani alama za maoni mwaka 2011, ila maoni bado yanapangwa kwa kura, na lililo juu kila mtu analijua limependwa. Saa hizo za mwanzo, mimi huyapanga maoni kwa bahati nasibu, bila kufuata kura.

Kuficha daima sikubali. YouTube ilipoficha idadi ya wasiopenda video, Novemba 2021, ilisema inawakinga wenye chaneli, hasa ndogo, dhidi ya mashambulizi ya makundi. Sawa, hayo yapo. Ila anayetafuta jinsi ya kufunga soketi ya umeme kapoteza onyo lililokuwa likimsaidia. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, huonyesha jumla hata ikiwa hasi, na mwenye pointi 1,000 za sifa kwenye tovuti hiyo huona kura za pande zote mbili; kwenye mambo ya ufundi hivyo ndivyo inavyopaswa. Kwenye ubishi wa Simba na Yanga, hasi ishirini inaniambia tu ni mashabiki gani wako hewani saa hiyo, na hapo naificha siku nzima.